Pikapu kunywa mafuta baada ya kuinuliwa

Mkuu, umeuliza kwa nini pikapu inabugia mafuta tangu uiinue, ukafunga matairi ya matope na keria juu. Kwanza usiiamini sana dashibodi, ukitoka tairi la inchi 31 kwenda 33 gurudumu linazunguka mara chache, kwa hiyo umetembea kilomita 100 yenyewe inakuandikia kama 94 hivi, yaani sehemu ya hasara ni hesabu tu. Iliyobaki ni upepo, uzito na hayo matairi ya matope yanayoviringika kwa ugumu zaidi. Gari likiinuka hewa inaingia chini inagonga ekseli na difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli), na spidi ikiwa mara 2 upepo unakuzuia mara 4, ndo maana mjini husikii ila ukikanyaga 110 unalia. Hiyo keria tupu ifungue bana, bolti chache tu.