Tenzi za Kale Darasani: Anza na Beti Kumi na Mbili, Tena kwa Sauti

Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Hakuna darasa litakaloumaliza, wala hakuna haja ya kuumaliza. Mwalimu anapoona vipindi ni vichache, mara nyingi hukimbilia muhtasari: kisa kwa ufupi, wasifu wa mtunzi, orodha ya tamathali, kisha maswali. Mwanafunzi hutoka hapo na maelezo mengi kuhusu utenzi ambao sikio lake halijausikia hata ubeti mmoja. Akiulizwa baada ya mwaka, atakumbuka labda neno "takriri".

Ushauri wetu ni mwepesi kuusema na mgumu kidogo kuutekeleza. Punguza beti, usipunguze usomaji. Beti 12 zilizosomwa kwa sauti, zikahesabiwa, zikabishaniwa na kuigwa, zinamjenga msomaji kuliko beti 100 zilizopitiwa kwa macho. Vipindi sita vya dakika 40 vinatosha.

Hili lina uzito zaidi sasa. Nchini Kenya, kwa mfano, mtaala mpya umeifanya Fasihi ya Kiswahili kuwa somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii kwenye sekondari ya juu. Kijana wa mkondo mwingine huenda akaonja utenzi wa kale mara chache tu ndani ya Kiswahili cha lazima. Mara hizo chache zikipotea kwenye kukariri istilahi, hakuna atakayemrudisha.

Chagua matini kwa sababu, si kwa umaarufu

Kwa darasa linaloanza, hakuna matini bora kuliko Utendi wa Mwana Kupona. Ulitungwa mwaka 1858, una beti mia moja na ushei, na msemaji na msikilizaji wanajulikana tangu ubeti wa kwanza: mama mgonjwa anamwusia binti yake. Mwanafunzi hahitaji historia ndefu ili aingie. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir iache kwa hatua ya pili. Msamiati wake ni mzito, na mafunzo yake kuhusu ulimwengu unaopita yanasimama juu ya magofu ya Pate. Asiyejua kwamba Pate uliwahi kuwa mji wa utajiri ataona mawaidha matupu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yanachekesha na kuchoma, lakini mafumbo yake mengi hayafunguki bila kujua ugomvi wa Mombasa na Seyyid Said wa Zanzibar. Ukiwa na kipindi kimoja cha historia cha kuazima kwa mwalimu mwenzako, yachukue. Ukiwa huna, yaache.

Kipindi cha kwanza: vitabu vifungwe

Usigawe nakala. Soma beti 12 kwa sauti, ukitulia kidogo baada ya kila kipande na kwa muda mrefu zaidi mwisho wa ubeti. Kipande cha utenzi kina mizani (silabi) 8 na ubeti una vipande vinne, hivyo beti 12 ni mizani 384 tu. Hata ukighani polepole hutazidi dakika nne. Soma mara mbili. Mara ya pili wanafunzi wapige meza kidogo kila wanaposikia sauti ya mwisho inayorudi ubeti hadi ubeti. Bila kuambiwa neno "kina cha bahari", watakuwa wamekigundua kwa vidole vyao.

Kama yupo mtu anayeweza kughani, mwalike, au mwombe akurekodie kwenye simu. Kama hayupo, soma mwenyewe bila kuona haya. Kinachoharibu ni kusoma kama taarifa ya habari, vipande vinne kwa pumzi moja. Kina kinazama, na ubeti unageuka sentensi ndefu isiyoeleweka.

Kuhesabu mizani: hapa ndipo wengi huteleza

Kipindi cha pili gawa nakala na penseli. Chukua ubeti wa kwanza wa Mwana Kupona:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Kipande cha pili ni rahisi: m-cha-che-fu-wa-sa-na-ti, nane. Cha tatu na cha nne pia ni nane. Cha kwanza ndicho kinachozua zogo, kwa sababu nusu ya darasa itapata saba: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-nti. Usiwaambie mara moja. Waache wabishane kama mtunzi amekosea, kisha waonyeshe kwamba katika neno la asili ya Kiarabu konsonanti isiyo na irabu hubeba mizani yake: bi-n-ti, tatu. Ndivyo ilivyo kwa la-b-da na da-f-ta-ri. Lakini "wangu" ni wa-ngu, mbili, kwa kuwa ng hapo ni sauti moja iliyoungana.

Vivyo hivyo, m ya ngeli ya watu na ya miti husimama peke yake (m-tu, m-ti, m-bu-nge), ilhali m ya "mbuzi" imeshikamana na b: mbu-zi. Irabu mbili zinazofuatana ni mizani mbili, kwa hiyo "kaa" na "taa" ni mbili kila moja. Kanuni hizi tatu zinamaliza sehemu kubwa ya makosa ya kuhesabu, na ni heri mwanafunzi azione zikifanya kazi kwenye ubeti mmoja kuliko kuziandika daftarini bila mfano.

Jambo la kuangalia: katika miswada mingi ya kale ubeti mzima wa utenzi huandikwa kwenye mstari mmoja, umegawika sehemu nne. Vitabu vya leo huutandaza kuwa mistari minne. Ndiyo sababu mwongozo mmoja utasema "mshororo" na mwingine "kipande". Mwambie mwanafunzi atumie neno la mtahini wake, na ajue sababu ya tofauti.

Lahaja kabla ya kamusi

Kipindi cha tatu ndicho kinachoamua. Wengi huanza kwa faharasa ya maneno hamsini magumu, na darasa linachoka kabla ya ubeti wa pili. Fundisha badala yake mwachano wa sauti kati ya Kiamu, lahaja ya Lamu iliyotumika katika utenzi huu, na Kiswahili sanifu, kwa sababu kanuni nne hufungua maneno mengi kwa mpigo. Mahali pa j ya sanifu, Kiamu mara nyingi kina y: moya, mayi. Mahali pa nj kuna nd: ndia kwa njia, ndaa kwa njaa. Ch mara nyingi huwa t: mato kwa macho, tini kwa chini. Vi na vy za ngeli huwa z: zitu, zombo.

Kisha mpe mwanafunzi kipande kutoka mwanzoni mwa utenzi huohuo, "Ndoo mbee ujilisi", na umwache ajaribu. Wa kwanza atasema ni ndoo ya maji. Akikumbuka kanuni ya nd, na ukimpa maana ya ujilisi, atafika kwenye "njoo mbele ukae" bila kamusi, na furaha ya kufika huko ndiyo itakayomvusha beti zinazofuata. Mwonye pia kwamba kanuni ya ch haiendi kila mahali: chuo hubaki chuo, na katika ubeti wa kwanza wenyewe mna "mchachefu". Ch iliyozaliwa na kiambishi ki-, kama ya chuo, haigeuki.

Maneno ya Kiarabu yasiyoeleweka kabisa, kama sanati (miaka) na kujilisi (kukaa), mwandikie pembeni mwa nakala. Kumtuma kuyatafuta ni kumpotezea muda, maana kamusi nyingi za shule hazina maumbo hayo.

Nathari, na ile programu ya simuni

Kipindi cha nne ni kuandika beti mbili kwa lugha ya nathari, yaani ya kawaida isiyo shairi. Swali hili hupendwa sana mtihanini, na alama hupotea kwa sababu mbili: mwanafunzi anafuata mpangilio wa vipande badala ya mpangilio wa maana, na anasahau viunganishi vinavyoonyesha nani anamwambia nani. Mlazimishe aanze na mtendaji. "Mama anamwita binti yake, ambaye umri wake bado mdogo, asogee asikilize wosia, huenda akauzingatia." Sentensi moja, vipande vinne vyote vimo.

Wengi siku hizi watakwenda kuuliza programu za akili mnemba. Kukataza hakusaidii. Programu hizo huandika nathari laini inayosomeka vizuri, na ulaini huo ndio hatari yake: ikikwama kwenye neno la Kiamu inaweza kubuni maana bila kusita, na asiyejua kanuni za sauti hawezi kugundua. Leta jibu lake darasani, lichapishe au liandike ubaoni, na wanafunzi walisahihishe neno kwa neno wakitumia walichojifunza kipindi cha tatu. Kila sahihisho litajwe kanuni yake. Hili ni zoezi bora kuliko insha ya nyumbani, ambayo huna tena njia ya kujua imeandikwa na nani.

Kutunga, kisha kubishana

Kipindi cha tano kila mmoja atunge beti tatu. Kosa la kawaida ni kuanza na wazo kubwa na kina kigumu, kisha kukwama kwenye ubeti wa pili. Aanze na kina cha bahari, na achague -ia. Siri yake ni kauli ya kutendea: ambia, andikia, fikia, tumia, zingatia, chemchemi isiyokauka. Aorodheshe maneno sita ya aina hiyo kwanza, achague matatu, ndipo ajaze vipande vya juu. Akijikuta anasogeza kitenzi mwisho ili kina kikae, au anakata neno ili mizani itoshe, hapo ndipo pa kumfundisha kuboronga sarufi na inkisari. Istilahi ikija baada ya haja haisahauliki.

Kipindi cha sita kiachie mabishano. Mwana Kupona anamwusia binti yake utiifu mkubwa kwa mume, na vijana wa leo watapinga, wasichana hasa. Usiruke beti hizo na usizitetee. Uliza maswali ya matini: mama huyu anasema maradhi yamemshika mwaka mzima, anaogopa nini kitampata mwanawe? Utiifu huo unamletea binti nini, kwa mujibu wa beti zenyewe? Ni wapi mama anatoa amri, na ni wapi anatoa mbinu? Kila jibu liambatane na namba ya ubeti. Bila sharti hilo mjadala unaondoka kwenye utenzi na kuwa gumzo la ndoa.

Dibaji ya dua nayo isiwe kikwazo katika darasa lenye dini tofauti. Ieleze kama sehemu ya umbo: mtunzi humtaja Mungu, huomba wino na karatasi, hutaja sababu ya kutunga. Mwanafunzi yeyote anaweza kuitambua kwenye utenzi mwingine.

Katika kutathmini, alama 20 zinaweza kugawika hivi: 6 za kusoma kwa sauti, 4 za mizani na vina, 5 za nathari, 5 za beti alizotunga. Kusoma kwa sauti kusiwe chini ya hapo. Kisichopewa alama hakifanyiwi mazoezi.

Ukibaki na kipindi cha ziada, onyesha muswada. Makusanyo ya chuo kikuu cha SOAS, London, yana kurasa za miswada ya Kiswahili zinazoonekana bure kwenye intaneti, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada wa J. W. T. Allen. Miswada hiyo imeandikwa kwa khati ya Kiarabu, hivyo wanafunzi waliosoma madrasa wataweza kuzitambua herufi, na kwa mara moja watakuwa wao ndio walimu. Eleza kwamba khati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, hivyo e na i zaweza kuandikwa sawa, o na u vilevile. Waandishi wengi walitumia herufi ya b kwa b, p na mb. Andika ubaoni herufi b-t zenye alama ya i kila moja, waulize ni maneno mangapi ya Kiswahili yanayoweza kusomeka hapo, na uwaache wahesabu: beti, pete na mengineyo. Kisha wape matoleo mawili ya ubeti mmoja yanayotofautiana kwa neno, na waamue kwa mizani na kina ni msomaji yupi aliye karibu na mtunzi.