Unataka kufundisha mbwa? Anza na kuku

Naulizwa sana jinsi ya kuingia kwenye hii kazi ya kufundisha mbwa na kurekebisha tabia zao, na karibu kila anayeuliza anaanza na maneno yale yale, "mi napenda mbwa sana". Sawa, upendo hauna shida, ila ujue mapema kwamba ndani ya somo la saa nzima mbwa mwenyewe namshika labda dakika kumi, muda uliobaki naongea na binadamu aliyechoka, ana aibu kwa majirani, na pengine nyumbani wameshagombana kwa ajili ya huyo huyo mbwa.

Mi nilianza vibaya. Aliyenifundisha alikuwa mtu wa mnyororo wa kukaba, kila kitu kwake ni "mbwa lazima ajue bosi ni nani". Basi nikaletewa mbwa anayenguruma ukisogelea bakuli lake, kila akinguruma navuta mnyororo, wiki mbili akanyamaza kimya, nikajiona fundi kweli kweli. Siku chache baadaye akamng'ata mwenye nyumba mkononi bila hata kutoa sauti. Hofu ya kunyang'anywa chakula ilikuwa pale pale, mimi nilichozima ni kengele tu. Leo mbwa wa hivyo nampitia kwa mbali namrushia kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, naondoka zangu, narudia siku nyingi, mpaka yeye mwenyewe akiniona anatingisha mkia.

Na hiyo habari ya bosi, ukiifuatilia unakuta sehemu kubwa ilitoka kwa mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf) waliofungiwa pamoja, mtafiti Rudolf Schenkel aliwachunguza kwenye bustani ya wanyama ya Basel akaandika mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu hao ambaye na yeye alikuwa ameieneza habari hiyo, mwaka 1999 aliandika kwamba kule porini kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Yaani watu wanapigana na mbwa wao sebuleni kwa sababu ya wanyama waliokuwa kifungoni!

Sasa kuku. Keller na Marian Breland, waliosoma kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walifungua kampuni ya kufundisha wanyama mwaka 1947, na baadaye Marian pamoja na Bob Bailey wakawa wanawafundisha matrena (watu wa kufundisha wanyama) kwa kutumia kuku. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipojaribu. Kuku ana haraka, hakupendi, hajali umekasirika, na ukimlazimisha anakimbia tu. Nilitaka adonoe duara jekundu, akidonoa nabonyeza klika (kile kidude kinacholia tik) halafu anapata punje. Baada ya nusu saa nikawa na kuku anayeenda kwenye duara, anasimama, anainua kichwa, ananitazama. Kudonoa hamna. Nikarekodi kwa simu, kumbe nabonyeza nimechelewa kidogo tu, kila tik inamkuta kichwa kinapanda! Kwa hiyo nilichokuwa nalipia ni kuinua kichwa, na kuku alijifunza vizuri sana. Mbwa angenisamehe, angekisia nataka nini, na mi nisingejua kamwe kwamba mkono wangu ni mzito.

Vyeti sitaongea sana. Nchi nyingi hazina sheria yoyote, mtu anaweza kuamka asubuhi akajiita mtaalamu wa tabia za mbwa, ndiyo maana tafuta kitu chenye mtihani na masaa ya kazi, mfano CPDT-KA, cheti cha wafundishaji wa mbwa, wanataka angalau masaa 300 ya kufundisha kabla hujakaa kwenye mtihani. Soma pia msimamo wa AVSAB wa mwaka 2021, hao ni madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia, wanasema njia za zawadi zitumike kwa mbwa wote, hata wale wakali. Ukikuta kozi inauza kola ya umeme kama "zana ya kisasa", ondoka.

Halafu jenga urafiki na daktari wa mifugo mapema. Niliwahi kuitiwa mbwa mzee aliyeanza ghafla kuwafokea watoto wakikaa naye kwenye kochi, nikamwangalia anavyoinuka, miguu ya nyuma inasita, nikasema mpelekeni hospitali kwanza. Ilikuwa nyonga. Akapewa dawa ya maumivu, ukali ukaisha karibu wote, na mi sikufundisha chochote siku hiyo. Dawa si kazi yetu, ila kuona kwamba mnyama anaumwa ni kazi yetu kabisa.

Kilichonichukua miaka ni binadamu. Kuna mama mmoja nilimkosoa kama mara nane ndani ya dakika tano, kamba fupi mno, umechelewa, usimvute, simama vizuri. Wiki iliyofuata hakuja, simu hakupokea. Mbwa wake nilikuwa nampa kipande cha nyama kila akipatia, yeye sikumpa hata "hapo sawa" moja. Siku hizi nachagua kitu kimoja tu kwa somo, tuseme kamba ilegee, akipatia namwambia papo hapo, mengine yote nayaona na nanyamaza.