Projekta ya zamani: umeitengeneza, umeikarabati au umeifufua?

Swali: Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa. Tangu nistaafu, jioni zangu nyingi nazimalizia kwenye projekta ya zamani ya filamu za milimita 16, ambayo niliinunua ikiwa haizunguki kabisa. Nimeifungua, nimekwangua grisi iliyoganda kama sabuni, nimeutoa mkanda wa mpira uliokuwa umeyeyuka ukawa kama lami na kutia mwingine, na sasa inaonyesha picha. Nilipowaandikia wenzangu kwamba "nimetengeneza projekta", mmoja alinijibu, "Kumbe wajua kuunda mashine!" Wa pili alisema ningeandika "nimeikarabati", na wa tatu akashikilia "nimeifufua". Isitoshe, siku moja nilimtuma mpwa wangu aniletee mkanda uliokuwa mezani, naye akaniletea filamu. "Mjomba, si huu ndio mkanda?" Ni nani kati yetu aliyekosea?

Jibu: Tuanze na kitenzi chako mwenyewe, kwa kuwa ndicho chenye mengi ya kusemwa. "Tengeneza" kimetokana na "tengenea", yaani kuwa sawa, kuwa katika hali nzuri. Kikitiwa kiambishi cha usababishi, maana yake huwa ni kukifanya kitu kiwe sawa. Maana hiyo haisemi lolote kuhusu iwapo kitu hicho kilikuwako tangu awali au ndiyo kwanza kinapatikana. Seremala anayeunganisha mbao zikawa kiti kipya, na yule anayekaza miguu ya kiti kilicholegea, wote wawili wanatengeneza kiti.

Utata huo hatuusikii kila siku kwa sababu vitu vyetu vingi vya jadi vina vitenzi vyake maalumu vya kuanzishwa. Nyumba hujengwa, jahazi huundwa, nguo hushonwa, ukili husukwa, chungu hufinyangwa, kisu hufuliwa. Pale ambapo kazi ya kukianzisha kitu imekwisha kuchukuliwa na kitenzi chake, "tengeneza" hubaki na kazi moja tu, ya kukirudisha kitu katika hali yake. Mwambie jirani wa Mji wa Kale kwamba unatengeneza nyumba, naye atauliza kama ni paa linalovuja au ni chokaa inayobambuka. Hatadhani kwamba unachimba msingi. Mashine zilitufikia baadaye, zikiwa zimekwisha kuundwa kwingine, na hazikuja na kitenzi cha aina hiyo. Ndiyo maana "kutengeneza projekta" kunaweza kueleweka huku na huku.

Rafiki yako wa kwanza, basi, alikuwa na haki ya kutania, na kitenzi alichokichagua ni kizuri. "Unda" ni neno la mafundi wa vyombo vya baharini, na limehamia vyema kwenye mitambo: kiwanda huunda magari. Tatizo ni kwamba siku hizi vijana, hasa wa Nairobi, husema "niundie simu" wakiwa na maana ya kutengenezewa simu iliyoharibika. Katika maandishi rasmi mimi bado ningeliacha "unda" kwa kitu kipya, ingawa sina tamaa ya kuwashinda vijana hao.

Kuna jambo dogo katika sentensi yako ambalo wenzako hawakuligusa, nalo ndilo lililoleta utani wote. Uliandika "nimetengeneza projekta", bila kiambishi cha mtendwa, yaani ile "-i-" ya "nimeitengeneza" inayoitaja projekta ndani ya kitenzi. Linganisha: "nimetengeneza kiti" na "nimekitengeneza kiti". Msikilizaji wa sentensi ya kwanza huelekea kuona kiti kipya, ilhali wa sentensi ya pili huona kiti kinachojulikana tayari, ambacho kilikuwa na kasoro. Hii si sheria isiyovunjwa, kwani tunasema pia "kiti hiki nimekitengeneza mwenyewe" tukimaanisha kipya. Lakini laiti ungeandika "nimeitengeneza ile projekta", huenda usingepata jibu ulilolipata.

"Karabati" hakina utata huo: hakikarabatiwi kitu ambacho hakijawahi kuwako. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, hukarabatiwa. Lakini neno hili lina uzito wake. Ukibadilisha balbu peke yake hujakarabati chochote. Ukarabati ni kazi ya kukipitia kitu kizima, sehemu baada ya sehemu, kama ulivyofanya wewe. Kwa hiyo rafiki yako wa pili ndiye ninayemuunga mkono zaidi.

"Fufua" ni lugha ya picha. Ndani yake inasikika "-fu", ile ile ya "mfu" na "wafu": ni kuutendua ufu. Magazeti hufufua viwanda na uchumi kila wiki, kwa hiyo projekta iliyokuwa haizunguki inastahili pia. Iliyokaa na vumbi tu, hapana.

Usisahau "rekebisha", ambacho hufaa pale ambapo kitu hakikuharibika bali hakijakaa sawasawa. Katika filamu ya milimita 16 yenye sauti, sauti ya picha fulani haichapwi kando ya picha hiyo, bali picha 26 mbele yake, kwa kuwa taa inayosoma sauti iko mbali na lenzi. Kitanzi cha filamu kati ya sehemu hizo mbili kikizidi au kikipungua, midomo ya wachezaji na maneno yao huachana. Hapo hakuna cha kukarabati; kitanzi hurekebishwa.

Ama mpwa wako, hana kosa. "Mkanda", ambao wingi wake ni "mikanda", ni wa kiunoni na wa mashine. "Ukanda", wingi "kanda", ndilo neno linalofaa kwa filamu na kwa utepe wa sauti. Mitaani, hata hivyo, watu wengi husema "mkanda" kwa vyote, na juu ya meza yako vyote viwili vilikuwapo. Mwambie "mkanda wa mpira" au "ukanda wa filamu", hata kama anakuona unajisumbua.

Na wenzako unaweza kuwaandikia hivi: "Nimeikarabati projekta iliyokuwa haizunguki. Nimeitia mkanda mpya wa mpira na kurekebisha kitanzi cha filamu, na sasa sauti na midomo vinakwenda pamoja."