Kabla hujalilaumu jiko, gonga kuni zako

Wiki hii mmeuliza jiko la kuni la kupasha nyumba joto likianza kusumbua, moto hauwaki vizuri na moshi unarudi ndani, mtu aanze kuangalia wapi. Mi nasema aanze na kuni, kabla hata hajagusa jiko.

Msimu wangu wa kwanza nilichoma kuni nilizopasua miezi miwili tu nyuma, kwa nje zimeshakuwa kijivu nikajua zimekauka, kumbe ndani maji tele. Kioo cha mlango kinakuwa cheusi tii usiku mmoja, na mimi nabana tundu la kuingizia hewa kwenye jiko ili moto ukae mpaka asubuhi, yaani nazidi kuharibu. Fundi alipokuja kusafisha bomba la moshi akaniita nione, ndani kumegandiwa na kitu cheusi kinang'aa kama lami, brashi inateleza tu juu yake. Hiyo ndo kreosoti, moshi wa kuni mbichi unapanda haujaungua vizuri, ukikuta bomba limepoa unaganda humo, na siku ikishika moto joto la ndani ya bomba linaweza kupita nyuzi 1000 za Selsiasi. Na bomba hilo linapita chumba wanacholala wanangu.

Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na kuni ya kuchoma kwenye jiko hili unyevu wake unatakiwa uwe chini ya asilimia 20. Ukiwa na kipima unyevu usikichomeke kwenye ganda la nje, pasua kuni kwanza halafu upime pale palipofunguka. Kama huna, chukua mbili uzigonge, kavu inalia ko! mbichi inasema pu. Angalia na kichwa cha ukuni, uliokauka una nyufa kutoka katikati kwenda nje. Na ukisikia jikoni ssss, ukaona povu linatoka mwishoni mwa ukuni, hayo ni maji yanachemka, joto lako linaishia hapo badala ya kupasha nyumba.

Kwa hiyo pasua mapema, panga juu ya kitu zisiguse ardhi, funika juu tu, ubavuni acha upepo upite, mwaka mmoja mpaka miwili, mti mgumu ndo unachelewa zaidi.

Kuwasha, mi siku hizi naweka magogo chini, vijiti juu, nawasha juu kabisa na hewa nimefungua yote, moshi unapita kwenye moto unaungua na bomba linapata joto mapema. Ukitaka kuongeza kuni fungua hewa kwanza, halafu mlango kidogo kidogo, ukiuvuta kwa nguvu unavuta na moshi.

Bomba lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Kamba ya mlango, ile inayoziba ukingo wa mlango wa jiko, ijaribu kwa karatasi jiko likiwa baridi, fungia karatasi mlangoni uivute, karatasi ikitoka kirahisi kamba imechoka. Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na mbao, maana kaa linaweza kukaa hai humo siku kadhaa.

Halafu jamani, wekeni alamu ya kaboni monoksaidi, hiyo gesi haina harufu wala rangi. Ikilia, toa watu wote nje kwanza, jiko utaliangalia baadaye.