Rasimu ya filamu: nani aione, na umuulize nini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaotengeneza dokumentari yao ya kwanza. Wamerekodi, wamehariri, na sasa wanataka kujua kama kitu kinaeleweka. Tumechagua tano.

SWALI: Ndugu wahariri, salamu kutoka Tanga. Kwa miezi minane nimerekodi mafundi wanaounda mashua na majahazi, na sasa nina rasimu ya dakika 38. Nimeituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, kisha nikawaonyesha marafiki watano nyumbani. Wote wamesema hongera, kazi nzuri. Mimi mwenyewe naona kuna mahali imelegea ila sipajui ni wapi. Nifanyeje nipate ukweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hao hawakukudanganya. Uliwauliza "mnaionaje?", na mtu uliyemkaribisha nyumbani ukamwekea chai ana jibu moja tu la swali hilo. Badilisha watu, halafu badilisha swali.

Watu sita hadi wanane wanatosha kwa onyesho moja. Wasiwe ndugu, wala waliokushikia kipaza sauti ufukweni. Nusu yao wawe hawajui lolote la majahazi: mwalimu aliyehamia kutoka Dodoma, muuza vipuri, mwanafunzi wa chuo. Mmoja awe fundi au nahodha, mwingine awe amewahi kuhariri. Na usiwamalize watu wote kwa mkupuo. Aliyeona rasimu ya kwanza anajua tayari nani ni nani, kwa hiyo mapengo ya rasimu ya pili atayaziba mwenyewe bila kujua. Ukiwa na watu ishirini, wagawe mafungu matatu, na kila fungu lione rasimu yake.

Onyesha kwenye televisheni au projekta, pamoja na spika ya nje. Spika za kompyuta mpakato hazitoi sauti nzito, na wageni wako watamaliza muda wote wakilalamikia usikivu. Mwanzoni weka sekunde tano za maandishi: "Rasimu. Rangi na sauti bado." Zaidi ya hapo usieleze kitu. Usiwaambie filamu inahusu nini, wala kwamba siku ile kusi ilivuma mkashindwa kurekodi. Mtazamaji wa kesho hutakuwa umekaa naye.

Toleo la onyesho liwe na saa ya filamu, yaani taimukodi, kwenye kona ya picha. Katika DaVinci Resolve, hata ile ya bure, ipo kwenye menyu ya Workspace, sehemu ya Data Burn-In. Kisha kaa pembeni, mahali unapoona nyuso. Filamu unaijua, waangalie wao. Andika: 09:40, wawili wameshika simu. 14:05, kicheko. 17:30, mmoja kamgeukia mwenzake kumuuliza kitu. Sisi tunaliamini daftari hilo kuliko karibu yote yatakayosemwa baadaye.

Filamu ikiisha, gawa karatasi kabla mtu hajafungua mdomo. Kwetu mkubwa akishasema "imenigusa", kijana aliyesinzia dakika ya 20 hatathubutu kumpinga. Maswali yawe machache. Kwa sentensi moja, filamu hii inahusu nini? Ulichoka wapi? Ulipotea wapi? Taja watu unaowakumbuka na kazi ya kila mmoja. Ulisubiri kuona nini usikione? Wape dakika kumi za kimya, na wasiandike majina. Baada ya hapo ndipo yaje mazungumzo ya nusu saa, na afadhali ayaongoze mtu mwingine. Wewe andika tu. Ukianza kutetea kipande, watu wataona umeumia, na kuanzia hapo utapewa sifa peke yake.

Sasa kuyasoma majibu. Anza na swali la kwanza. Ukiwa ulidhani unasimulia ufundi unaokosa warithi, na watano kati ya wanane wakaandika "umaskini wa wavuvi", rudi kwenye dakika tatu za mwanzo. Huenda umefungua kwa nyumba zilizobomoka na watoto pekupeku, na picha hizo ndizo zilizowaambia watu waitazame filamu nzima hivyo.

Pale wanaposema wamechoka, mara nyingi ubovu uko nyuma kidogo. Simu zikitoka dakika ya 14, tazama kuanzia ya 9. Utakuta mafundi watatu wanasema jambo lilelile, kwamba mbao zimeadimika. Kila mmoja kalisema vizuri, lakini mtazamaji alilielewa kwa yule wa kwanza. Bakiza mmoja.

Kupotea nako kuna namna yake. Tuseme mzee anatamka "kalafati", na picha inaonyesha mwanamume aliyeinama ubavuni mwa chombo akigonga. Mtu wa Tanga anaelewa. Yule mwalimu wa Dodoma ameandika: "Anapigilia nini pale?" Dawa si msimulizi. Ni picha tatu za karibu: vidole vikisokota pamba iwe kamba nyembamba, kamba ikilazwa kwenye mwanya kati ya mbao mbili, patasi ikiishindilia ndani kwa nyundo. Ziache kwa sekunde nne au tano kila moja, na mlio wake wenyewe. Kama hukuzirekodi, rudi kwa fundi na lenzi ya kupigia picha za karibu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Wageni watakupa na dawa pia: weka muziki, weka droni, weka mtu wa kusimulia. Chukua dalili, dawa waachie. Wanachojua kwa hakika ni pale walipoumia.

SWALI: Habari zenu. Filamu yangu ya dakika 20 ni ya wazee wanaocheza bao barazani. Mtazamaji mmoja ameniambia niondoe hotuba ya mzee mmoja, mwingine amesema hiyo ndiyo roho ya filamu. Tena wote wanalalamika kuwa mchezo wenyewe haueleweki. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hawapingani sana kama unavyodhani. Wote wawili wamenyooshea kidole mahali pamoja, na hilo ndilo la kushika. Pima hotuba hiyo. Tunabahatisha kuwa ni dakika tatu au nne mfululizo, uso mmoja, kamera haijasogea. Anayempenda mzee anapenda maneno, na anayemkataa amechoshwa na picha. Chagua sentensi zake bora, zipatazo sekunde 70, uzigawe sehemu mbili, na sehemu ya pili ikisikika uonyeshe mikono ikicheza.

Kuhusu mchezo, usikubali kuweka dakika mbili za kanuni. Mtu hawezi kujifunza mashimo 32, kete 64, namna ya kunamua (kuingiza kete za akiba) na mtaji (zamu ya kula na kusambaza) wakati huohuo akijaribu kuwajua wazee wako. Anahitaji kuona jambo moja tu: mkono unasambaza kete, ya mwisho inatua penye kete nyingine, za mpinzani upande wa pili zinaliwa na kusambazwa tena. Rekodi mtaji mmoja kutoka juu, mwanzo hadi mwisho, bila kukata katikati. Makelele ya barazani yatafanya kazi iliyobaki, maana wanaotazama bao huwa hawanyamazi.

SWALI: Je, nitengeneze sauti kwanza ndipo nionyeshe rasimu, au nionyeshe hivihivi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Isafishe kiasi cha kusikika, usiipambe. Maneno ya wanaohojiwa yagonge karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti cha programu, na kilele kisipite -6. Asiwepo anayenong'ona akifuatwa na anayepiga kelele, kwa sababu mtu akinyoosha mkono kutafuta rimoti ameshatoka kwenye filamu. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 ili kupunguza mngurumo wa upepo na wa magari. Kila mlipokata mahojiano, weka chini yake sauti tupu ya mahali hapo, la sivyo ukimya utakuwa unaruka kila sekunde chache. Kama hukurekodi sauti hiyo, iokote kwenye mapumziko ya mhojiwa, na safari ijayo kabla ya kufunga vyombo nyamazisheni watu urekodi sekunde 30 hadi 60.

Muziki uache kabisa katika rasimu ya kwanza. Ukiazima wimbo unaopendwa, watazamaji watausifia mkato ambao kwa kweli unabebwa na wimbo, na siku utakapouondoa kwa kukosa haki za mwenye kazi, kipande chote kitaanguka. Upepo uliovuma moja kwa moja kwenye kipaza sauti kisicho na kifuniko cha manyoya mara nyingi hautoki vizuri kwa programu. Mhoji mtu upya.

SWALI: Rafiki yangu wa Muscat na mwingine Toronto wamekubali kuitazama. WhatsApp inaivuruga picha. Niiweke YouTube? Au niipeleke tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar, labda watanipa maoni?
Msomaji, Morogoro

JIBU: WhatsApp huikandamiza video ukiituma kama video. Itume kama hati, nayo itafika kama ilivyo, mradi isizidi GB 2. Hesabu ni rahisi: chukua megabiti kwa sekunde ulizochagua unapotoa filamu kwenye programu, zidisha kwa sekunde za filamu, gawa kwa 8, upate MB. Dakika 30 kwa megabiti 3 ni MB 675, na kwa picha ya 720p inatosha kabisa kutolea maoni. Ukiacha programu itoe megabiti 10 kama ilivyozoea, utapata GB 2.25 na haitapita.

YouTube ina njia ya kuficha video isitokee kwenye utafutaji, lakini kila mwenye kiungo ataiona na anaweza kukisambaza. Vimeo inakuruhusu kuweka neno la siri. Usiiweke hadharani mahali popote, kwani matamasha mengi huuliza kama filamu imeshaonyeshwa. Na tamasha si mahali pa kutafutia maoni. Wachaguzi hutazama filamu nyingi, na wakikukataa kwa kawaida hupati zaidi ya barua fupi ya shukrani. Pia umeshatumia nafasi yako ya kwanza kwa kazi isiyokomaa. Kwa dokumentari za Afrika Mashariki, fuatilia badala yake Docubox, mfuko wa dokumentari wa Nairobi ulioanzishwa kwa ajili ya kazi za aina hii.

Wenzako wa mbali wapelekee maswali yaleyale ya karatasi tuliyomtajia msomaji wa Tanga, na uwaombe wataje dakika na sekunde. Wape siku saba. Usipotaja siku, utasubiri hadi Idi.

SWALI: Shikamooni. Nimemfuata mama mmoja wa Paje anayelima mwani. Kwenye mahojiano alimtaja mnunuzi mmoja kwa jina kwamba huwapunja kwenye mizani. Sasa ameuliza kama ataiona filamu kabla haijatoka. Nikimwonyesha, si atanikatia nusu?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Marahaba. Mwonyeshe, lakini baada ya watazamaji wageni na kabla hujafunga uhariri. Kaa naye peke yake, si mbele ya wanawe wala majirani, na mwambie mapema unamwomba nini: aseme kama kuna jambo si kweli, na kama kuna jambo litakalomletea madhara. Urefu wa filamu, mpangilio na nyimbo ni kazi yako, na ukimweleza hivyo kwa heshima ataelewa.

Jina la mnunuzi liondoe hata kama yeye hakusema kitu. Wewe utahamia filamu nyingine, yeye atarudi kwenye mizani ileile maji ya bamvua yajayo. Maneno yake kuhusu kupunjwa yabaki. Jina likatwe kwenye sauti, na ufunike mkato huo kwa picha ya magunia yakipimwa, pasipo uso wa mtu wala maandishi ya kampuni. Kama kijijini kuna mnunuzi mmoja tu, kufuta jina hakusaidii, kwa kuwa kila mtu atamjua. Hapo mwachie mama aamue.

Utashangaa pia atakavyokukosoa kwa mambo ambayo sisi tusingeyaona. Tuseme umeunganisha vigingi vya mwani vinavyopigwa na picha ya bahari iliyojaa uliyoipenda kwa rangi yake. Yeye atacheka: maji yakiwa hivyo, nani atakuwa shambani?