Muulize Mwalimu wa Fizikia: Kiini umeshakivunja, umbo lake utalijuaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba kiini cha atomu ya lithiamu-11 kina “halo” ya nyutroni (nyutroni zinazoelea mbali na kiini kama wingu) na hakimalizi hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Wanasayansi eti wanakichunguza kwa kukigonga na kuking'oa nyutroni. Ukishakivunja, umbo lake la mwanzo utalijuaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Muda usikusumbue. Nusu-uhai wake (muda wa nusu ya viini kuoza) ni milisekunde 9 hivi, lakini kinaporushwa kwa zaidi ya asilimia 80 ya kasi ya mwanga, kinaifikia shabaha kabla hata mikrosekunde moja haijaisha.

Mwaka 1985, Isao Tanihata na wenzake walirusha isotopu za lithiamu (aina zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni) huko Berkeley, Marekani. Lithiamu-11 iligongana na shabaha mara nyingi kuliko walivyotarajia, kana kwamba ni kubwa mno kuliko lithiamu-9, na tofauti yao ni nyutroni mbili tu! Hansen na Jonson wakaeleza mwaka 1987: hizo mbili zimeshikwa kwa nishati ndogo sana (leo tunajua ni MeV 0.37 hivi, MeV ikiwa kipimo cha nishati ya viini, wakati kwa kawaida nyutroni moja hushikwa kwa MeV kadhaa), kwa hiyo huzurura mbali na wenzao. Ile michoro ya vitabuni, viini vyote kama rundo la machungwa, mimi siipendi kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kung'oa. Nyutroni ikipokonywa ghafla, kiini kilichobaki huendelea na safari karibu bila kuguswa, kikiwa na momenta (masi mara kasi) iliyo kinyume na ile iliyokuwa nayo nyutroni, ukiondoa mwendo wa safari yenyewe. Kwa hiyo wanapima kilichobaki. Mwaka 1988 Kobayashi na wenzake walikuta momenta za lithiamu-9 iliyosalia zimejibana kwenye mkanda mwembamba. Hapo kanuni ya Heisenberg ya kutokuwa na uhakika haina huruma: momenta ikijibana, mahali pa kukaa lazima patanuke.

Kwa beriliamu-11, yenye nyutroni moja ya halo, huko Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walisikiliza pia mionzi ya gama. Ikitoka ya MeV 3.37, ujue beriliamu-10 imebaki imesisimka, yaani ina nishati ya ziada. Mara nyingi haikutoka, na umbo la mkanda likaonyesha kwamba nyutroni ile inakaa katika obiti ya s (isiyo na momenta ya mzunguko), siyo ya p (yenye mzunguko) ambayo mpangilio wa kawaida ungeipa.

Lithiamu-11 yako ndiyo korofi. Ng'oa nyutroni moja, kinabaki lithiamu-10, ambacho hakishikamani kabisa, na nyutroni ya pili inatoka pia. Inabidi kuinasa kwa vigunduzi vilivyowekwa mbele, pamoja na lithiamu-9. Kundi la Haik Simon lilifanya hivyo katika maabara ya GSI, Darmstadt, Ujerumani. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba karibu asilimia 45 ya halo ni s, iliyochanganyika na p.