Kabla Hujahamia North Dakota, Njoo Januari

"Dada shikamoo. Nimepata kazi North Dakota, hospitali ya kijijini. Bonasi dola 15,000 na mshahara unazidi wa huku. Baba watoto anasema nimechanganyikiwa, shoga zangu wananicheka. Wewe si uko huko? Niende nisiende?"

Ujumbe huu uliingia juzi saa tisa usiku nikiwa zamu, ndiyo kwanza nimetoka kumgeuza mgonjwa. Niliusoma mara tatu, nikacheka peke yangu pale kwenye meza ya wauguzi. Miaka minne iliyopita, kabla sijahamia huku North Dakota, jimbo la kaskazini kabisa mwa Marekani, nilikuwa Houston, Texas, na swali hilohilo, ila sikuwa na wa kumuuliza. Basi mdogo wangu wa Dallas, marahaba. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe ni wa nne mwaka huu, na nimechoka kurudia.

Nianze na aibu yangu. Mimi ni mtoto wa Makete. Wanaoijua Nyanda za Juu Kusini wanajua nasema nini. Kwetu, mwezi wa sita na wa saba unaamka sakitu imeunguza majani ya viazi, na maji uliyoacha nje kwenye ndoo yamefunga ngozi ya barafu. Shule tulikwenda na sweta moja, mikono kwapani. Kwa hiyo wenzangu wa Dar na Tanga waliponiambia nitakufa na baridi, niliwaona watoto wa pwani tu. Baridi? Mimi?

Makete nakupenda, lakini ile si baridi.

Asubuhi yangu ya kwanza ya Januari huku ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Nilifungua mlango, nikavuta pumzi moja, nywele za puani zikashikana. Machozi yalitoka kwa upepo, kope zikagandana. Theluji ya baridi ile ukiikanyaga inalia, kama unabinya mfuko wa wanga. Siku nyingine ilifika hasi 40, na hapo hata usibishane kama ni Selsiasi au Farenhaiti, maana vipimo vyote viwili hukutana kwenye namba hiyohiyo.

Watu hudhani nilikuja huku kufuata pesa. Pesa ilikuja baadaye. Kilichonitoa Houston ni baridi.

Mnakumbuka Februari 2021? Umeme ulikatika Texas, mamilioni ya nyumba gizani, Houston ikashuka hadi nyuzi kama 10 chini ya sifuri. Kwenye apatimenti yetu mabomba yalipasuka, dari ya jikoni ikadondoka juu ya jiko, watoto walilala siku tatu na makoti na viatu miguuni. Tulikuwa tunakwenda kukaa ndani ya gari ili tupashe mikono na kuchaji simu. Umeme uliporudi nikaona tangazo la kazi la North Dakota, nikamwambia baba watoto: kama ni kuganda, bora tukagande kwa watu wanaojua baridi. Nilisema kwa utani, na utani ule ulikuwa na ukweli kuliko nilivyojua. Nyumba ya huku kuta zake ni nene, madirisha yana vioo viwili hadi vitatu, mabomba yamezikwa chini kabisa ambako ardhi haigandi. Nje hasi 30, mimi ndani nimejifunga kanga nakaanga vitunguu.

Kwenye kikoba chetu cha Houston nilikwenda kuaga kwa heshima zote. Mmoja wetu, simtaji na najua anasoma hapa, akasema, "Mwacheni aende porini akafuge ng'ombe." Kicheko. Nami nikacheka nao. Nilipofika kwenye gari sikucheka. Mpaka leo nikilipa rejesho la nyumba, nyumba ya vyumba vinne yenye ua ambao watoto wanakimbia mpaka wachoke, tena rejesho dogo kuliko kodi ya ile apatimenti ya vyumba viwili, namkumbuka yule dada. Mungu anisamehe.

Tulifika Oktoba. Miezi ya mwanzo ya kutafuta fenicha na kubadilisha shule naruka, kila aliyewahi kuhama anaijua. Ila hili la waya lazima nilisimulie. Nilikuta magari ya watu yana waya wa umeme unaning'inia mbele, unatokea kwenye matundu ya bampa. Pikapu za wakulima, gari la mchungaji, gari la mwalimu mkuu. Nikampigia baba watoto, yeye anaendesha lori masafa marefu na siku hiyo alikuwa Oklahoma, nikamwambia jamani hawa wanavijiji wameendelea, wote wana magari ya umeme! Mpaka Desemba, asubuhi gari langu lilipokataa kuwaka, betri imekufa na oili imekuwa nzito kama asali ya mwaka jana, ndipo jirani yangu, mzee anayelima ngano na alizeti, aliponionyesha: ule ni waya wa hita ya injini. Usiku unauchomeka ukutani kama simu. Hakunicheka. Alisema tu maneno manne hivi, akaniunganishia betri, akaondoka.

Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: gari. Kabla hujauliza mshahara, uliza gari lako lina hita ya injini, na bei ya matairi ya theluji. Ndani weka blanketi, sepetu, mshumaa na kopo la kuuwashia, chakula kikavu, na usiache tangi lishuke chini ya nusu. Mimi Novemba ile niliteleza mpaka mtaroni nikakaa dakika hamsini bila kuona gari. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 779,094 jimbo zima, wakati Zanzibar peke yake mwaka 2022 ilipita milioni 1.8. Hiyo namba niliisoma kabla sijaja, nikaona ni ya kufurahisha. Nikiwa mtaroni ndipo nilipoielewa.

Ushauri wa pili ni bonasi yako hiyo. Nilipewa dola 10,000, yaani niliahidiwa. Zilikuja vipande vitatu, kila kipande kimeshaliwa na kodi, na nyuma yake kuna mkataba wa miaka miwili: ukitoka kabla, unarudisha. Ukurasa wa pili sikuusoma. Nilikuwa naona zile sifuri tu. Mwezi wangu wa saba kazini mwajiri wangu wa kwanza alinibadilishia zamu kinyume na tulivyokubaliana, nikataka kuondoka, nikaambiwa nirudishe hela yote, pamoja na ile iliyokwenda kwenye kodi ambayo mkononi mwangu haikupita. Nikakaa. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi wodini. Kwa hiyo mdogo wangu, soma ukurasa wa pili. Uliza zamu ni zipi na ziandikwe. Uliza ukitoka mwezi wa kumi wa mkataba unarudisha kiasi gani, kabla au baada ya kodi. Na soma ukurasa wa pili, narudia makusudi.

La leseni usihangaike sana. Texas na North Dakota zote zimo kwenye mkataba wa pamoja wa leseni za wauguzi, utaanza kazi na ya Texas, ila ukishahamishia makazi una siku 60 za kuomba ya huku. Na ninyi madaktari mnaoniandikia: ule mpango unaomruhusu daktari mwenye viza ya mafunzo ya J-1 asirudi kwao kwanza, mradi afanye kazi miaka mitatu sehemu yenye uhaba, unaitwa Conrad 30 kwa jina la Kent Conrad, aliyekuwa seneta wa jimbo hilihili. Hawakuutunga kwa bahati mbaya. Hospitali kama yangu, ya vitanda visivyozidi 25, hutafuta watu mwaka mzima.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nisijibu haraka swali lako.

Baba yangu alifariki Januari 2023. Simu iliingia saa kumi na moja alfajiri, kaka yangu analia, mimi nimeshika sufuria ya uji. Nje kulikuwa na dhoruba ya theluji ya siku ya pili. Barabara zilikuwa zimefungwa, si kwa maneno, zimefungwa kwa mageti. Uwanja wa ndege wa Minot ni saa moja na nusu siku ikiwa nzuri, na siku ile hakukuwa na kuruka wala kutua. Kutoka hapo ni ndege tatu mpaka Dar, halafu basi mpaka Njombe, halafu gari ndogo. Kaka akasema wangenisubiri siku mbili. Hazikutosha. Baba alizikwa mimi nikiangalia kwenye simu, mtandao unakata, naona udongo, naona mgongo wa shangazi, picha inaganda, inarudi watu wanaimba.

Ningekuwa Houston, saa moja tu ningekuwa uwanjani. Na kabla ya uwanja, nyumba ingejaa. Mnajua msiba wetu ulivyo: mtu anapika bila kukuuliza chumvi iko wapi, mwingine anakuogeshea watoto, mwingine anakaa tu karibu yako hasemi kitu. Mimi niliwafanyia wengi hivyo. Nilibeba masufuria, nilichanga, nililala kwenye mazulia ya watu. Zamu yangu ilipofika walinitumia pole kwenye kundi la WhatsApp, mikono imefumbwa, mishumaa, halafu mtu akatuma tangazo la viwanja vya Kibaha. Rambirambi ilikuja wiki tatu baadaye. Nawashukuru. Sijasahau, lakini nawashukuru.

Kesho yake aliyefika ni yule mzee jirani yangu. Nilisikia trekta kabla hakujakucha. Alikuwa anasukuma theluji kutoka mlangoni kwangu mpaka barabarani, barabara ambayo hata haipitiki. Sijui nani alimwambia, nadhani ni yule msimamizi wa zamu niliyempigia kuomba ruhusa. Alipomaliza hakugonga mlango. Aliniona dirishani, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yao wakulima wa huku, akaenda. Mchana nikakuta barazani bakuli la kuoka limefungwa foili, viazi na nyama ya kusaga, jina la mwenye bakuli limeandikwa chini kwenye plasta ili nijue pa kulirudisha. Hakuna aliyeingia. Nilichukia sana. Niliona ni watu wasio na utu, mtu amefiwa unamwachia chakula mlangoni kama paka! Ilipita kama mwaka ndipo mama mmoja kazini aliponiambia kwamba kwao kumwacha mfiwa na nafasi yake ndiyo heshima, na kwamba mzee yule aliamka saa tisa usiku kuanza kusukuma theluji, kwangu kabla ya kwake.

Naelewa sasa. Lakini nilikula lile bakuli peke yangu siku nne, baba watoto amekwama na lori Nebraska.

Kwa hiyo wale wanaoniuliza kuhusu baridi naona wanauliza kitu chepesi. Koti linanunuliwa. Jiulize wewe mwenyewe, usiku, simu imezimwa: ni nani utamhitaji siku mbaya, na ni saa ngapi kutoka kwake mpaka kwako? Kama jibu ni watu ishirini na unawahitaji wote, baki Dallas, na usione haya. Kama unahama kwa hasira, kuwakomoa shoga zako waliokucheka, baki vilevile. Mimi nilihama na hasira kidogo, na hasira ile iliniziba macho nisisome mkataba. Vijana tunapenda sana kuonyeshana. Tunanunua nyumba ili fulani aone, halafu fulani haji hata kuiona. Sali, kaa na mumeo, ongeeni. Usimburute mtu kuja kwenye jua linalozama kabla ya saa kumi na moja jioni mwezi mzima wa Desemba.

Na wale Waislamu mnaoniuliza kama kuna hata mtu wa imani yenu huku: karibu na kijiji cha Ross, magharibi ya Minot kwenye barabara namba 2, wakulima waliotoka Syria na Lebanoni walijenga msikiti mwaka 1929. Umeshabomolewa, wakajenga mwingine mdogo wenye kuba. Nikipita pale huwa napunguza mwendo. Kama wao waliweza kwa farasi na bila simu, sijui.

Sitaki uone nakutisha. Binti yangu yuko darasa la watoto 11 na mwalimu anajua hata jina la bibi yake. Kusuka nimejifunza mwenyewe, kwa sababu msusi yuko mbali na nywele hazisubiri. Unga tunaagiza kwa posta. Agosti mashamba ya alizeti yakifunguka utadhani umeshuka Singida, na Juni jua linazama karibu saa nne usiku, watoto wanakataa kulala. Mei 2024 mianga ya kaskazini ilitanda kijani na waridi juu ya nyumba yetu, nikawaamsha watoto wakatoka na blanketi. Nikampigia mama Makete nimwonyeshe. Simu haikuona kitu, giza tupu. Akasema, "Nakuona wewe, inatosha."

Niende nisiende, umeuliza. Waajiri watakualika uje kuona mji mwezi wa sita, kila kitu kijani, watu barazani. Kataa. Waambie utakuja wiki ya pili ya Januari. Utafikia kwangu, chumba kipo, na mumeo mlete. Uwanjani nitakufuata na koti. Buti ninazo za ziada, nitumie tu namba ya kiatu chako na cha shemeji.